Muulize Fundi Bomba: "Maji ya moto yanachuruzika tu, ninunue shawa gani?"

SWALI

Shikamoo fundi. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunakaa Njiro, Arusha. Nyumba yetu ni ya chini, haina ghorofa, tuliinunua ikiwa imeshakaliwa na watu wengine. Nje kuna simtanki la lita 2,000 juu ya stendi ya chuma ya mita tatu. Hita ni ya lita 80, iko ukutani bafuni karibu na dari. Shawa imeoza, mpini mmoja ulikatika na sasa tunafungulia kwa koleo, kwa hiyo nataka nyingine. Shida ni maji ya moto. Nikifungua ya moto peke yake yanakuja membamba. Nikiongeza ya baridi kidogo tu, ya moto yanakata, nabaki naoga barafu. Zamani haikuwa hivi. Ilianza mamlaka ilipobadilisha bomba la mtaani kwetu. Tangu hapo maji ya baridi yana kasi mpaka koki ya jikoni inarusha. Cha ajabu ni kwamba siku maji ya mamlaka hayatoki, ndiyo tunaoga vizuri kidogo. Dukani wameniambia nichukue shawa pana ile ya mvua. Jirani anasema hita ya papo kwa papo. Mume wangu anasema pampu. Nisaidie kabla hela haijaisha, na baridi ya Juni unaijua.

Mama wa watatu, Njiro

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikacheka peke yangu, maana jibu umelileta mwenyewe ukaliita "cha ajabu". Siku mamlaka wamekata ndiyo mnaoga vizuri. Basi hela ibaki mfukoni kwanza, tufuate maji yanakotoka.

Kwa dalili hizo, maji ya baridi ya bafuni kwako hayapiti tankini. Yanatoka moja kwa moja kwenye bomba la mtaani. Hita nayo inalishwa na tanki. Nyumba nyingi nilizozikuta zimefungwa hivyo: laini ya barabarani inazunguka nyumba nzima, laini ya tanki inashuka kwenda kwenye hita, halafu mahali fulani kuna valvu ya kuzuia maji yasirudi, inayoziunganisha ili mamlaka wakikata, tanki lishike zamu. Zamani bomba lenu la mtaani lilikuwa nyonge, na tanki nyonge, wanyonge wawili wakaelewana. Sasa mmoja kanenepa.

Hebu tuhesabu. Kila mita 10 za kimo zinakupa ba 1 ya presha. Kitako cha tanki lako kiko mita tatu kutoka chini, shawa iko kama mita mbili, kwa hiyo ukibaki na maji kidogo tankini una mita moja tu ya kimo, yaani ba 0.1. Tanki likijaa ongeza mita moja na nusu hivi, unafika ba 0.25. Hiyo ndiyo nguvu yote maji yako ya moto yaliyo nayo ya kujitetea. Ya baridi yanakuja na ba mbili au tatu kutoka barabarani. Wanakutana ndani ya mikisa, ile koki inayochanganya ya moto na ya baridi, kwenye chumba chenye ukubwa wa kiberiti. Ni mtoto wa chekechea kusukumana mlangoni na kondakta wa daladala. Ukifungua baridi kidogo, ya moto yanarudishwa kwenye bomba lake, na kama valvu ya hita imechoka, maji ya barabarani yanapenya hitani na kupanda mpaka tankini. Ukiona simtanki linafurika usiku ilhali boya lake ni zima, umepata sababu, na bili ya maji nayo umeijua inakotoka.

Kwa hiyo shawa yoyote utakayonunua leo, hata ya bei ya ng'ombe, itafungwa kwenye ugomvi huo huo.

Fanya jaribio hili Jumamosi, halihitaji fundi. Funga koki iliyo baada ya mita ya maji ili ya mamlaka yasiingie. Fungua kichwa cha shawa ukitoe kabisa. Chukua ndoo ya lita 10 na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Fungua ya moto peke yake, andika muda wa ndoo kujaa. Kisha ya baridi peke yake, andika. Ndoo ikijaa kwa dakika moja, una lita 10 kwa dakika, na hapo mtu anaoga kama mfalme. Dakika mbili na nusu ni lita nne, unaoga kama mwananchi. Ikipita dakika tatu na nusu, kuna mahali pameziba. La maana zaidi ni kulinganisha: sasa zote mbili zinatoka tanki moja, kwa hiyo zisipishane sana. Baridi ikijaza kwa dakika moja na moto kwa dakika nne, ujue njia ya moto ina kizuizi chake chenyewe, mbali na ule ugomvi.

Kizuizi hicho huwa kiko sehemu tatu nne tu. Kuna geti valvu chini ya hita, ile ya gurudumu jekundu, ambayo mtu aliifunga nusu siku ya matengenezo akasahau. Kuna mipira ya kuunganishia hita. Kwa nje inaonekana minene, lakini ukichungulia tundu lake utakuta milimita nane hivi, kalamu inaingia kwa shida. Kuna valvu ya usalama kwenye mlango wa maji baridi wa hita, ile yenye kishikio kidogo. Ndani ina springi inayotaka kusukumwa, na kwa presha ya tanki springi hiyo inakula sehemu kubwa ya nguvu uliyonayo. Isafishwe, au ibadilishwe kwa iliyo pana zaidi, lakini asije fundi akakwambia "tuitoe tu mama". Maji yakichemka yanatanuka, na valvu hiyo ndiyo pumzi ya hita. Bila hiyo umening'iniza bomu juu ya vichwa vya watoto.

Na kuna bomba lenyewe. Kama ni la chuma la zamani, usishangae. Nilishawahi kukata kipande cha nusu inchi kwenye nyumba moja ya Sekei, nikakiinua kwenye mwanga wa dirisha, nikaona tundu la kupitisha kijiti cha mshikaki. Pembeni kutu tupu, rangi ya tumbaku, na katikati ya kutu mkia wa tepu ya uzi ambao fundi wa kwanza aliuacha uning'inie miaka mingi iliyopita. Mwenye nyumba alikuwa ameshabadilisha shawa mara mbili.

Matengenezo yenyewe sasa. Mwambie fundi aikate laini ya baridi inayokwenda kwenye shawa ailishe kutoka tankini, bomba lile lile linaloilisha hita. Jikoni na bustanini acha iendelee na ya mamlaka, hakuna ubaya. Akivuta laini mpya asitumie PPR, yale mabomba ya plastiki ngumu, ya 20 kutoka tankini. Ile 20 ni kipimo cha nje. Tundu la bomba nene la maji ya moto ni milimita 13 tu. Atumie ya 25, ambayo tundu lake linapita 16. Unaona tofauti ndogo kwa macho, lakini eneo la kupita maji linaongezeka zaidi ya nusu yake, na kwenye presha ya ba 0.1 kila milimita ina jina. Apunguze elbo pia, yaani viungo vya kona. Kazi hii, bafu likiwa karibu na tanki, ni ya siku moja, mbili kama vigae vinakatwa.

Ukishamaliza hapo ndipo twende dukani.

Ile shawa ya mvua iache palepale ilipo. Nasema hivi nikiwa na aibu yangu. Mwaka 2009 nilimfungia mteja mmoja wa Sakina shawa pana kama sinia la pilau, chromu inang'aa, ya kwanza mtaani kwao. Tanki lake lilikuwa kimo kama chako. Tulipofungua, maji yalitoka kwenye vitundu vya katikati tu, yakadondoka tone tone kama bati linalovuja, na mke wake akasimama mlangoni na taulo begani hasemi kitu. Nililipia mwenyewe ile ya kubadilisha. Shawa pana ina vitundu mamia. Maji machache yakigawanywa mamia hayabaki na nguvu hata ya kusuuza sabuni.

Wewe tafuta shawa ya mkono, ile watu wanaiita ya simu, yenye fimbo ya ukutani ya kuishusha na kuipandisha. Kichwa kisizidi sentimita 10, vitundu vichache na vinene, vile vya mpira laini. Sababu ya kuchagua ya mkono si urembo. Ukiishusha kutoka mita mbili hadi mita moja na nusu, kimo chako kutoka kitako cha tanki kinatoka mita moja kuwa mita moja na nusu. Umeongeza nusu ya presha bila kununua kitu, na watoto hawahitaji shawa ya mita mbili. Kabla ya kulipa fanya mambo mawili pale kaunta: chungulia mpira wake kama darubini uone tundu lina upana gani, kisha fungua shingo ya kichwa. Mara nyingi kuna kisahani cha plastiki chenye kitundu kimoja, cha kubania maji. Nyumbani kwako kitoe kwa kijiti cha meno, kitupe.

Mikisa nayo, chukua ya mipini miwili yenye raba ndani, muundo wa kizamani. Zile za mpini mmoja ni nzuri kuangalia, lakini katriji yake, ile sehemu ya ndani inayofungua na kufunga maji, ina njia nyembamba, na nyingi zimetengenezewa nyumba zenye ba moja na kuendelea. Kwenye boksi tafuta palipoandikwa presha ya chini kabisa. Kama pameandikwa 0.5 au 1, rudisha. Muuzaji atakwambia "hiyo ni maandishi tu, mama". Si maandishi tu.

Jirani yako na hita ya papo kwa papo simkatai moja kwa moja. Ina akili yake: inachukua maji ya baridi peke yake na kuyachemsha kichwani hapo hapo, hivyo suala la laini ya moto linakufa. Haitaki presha kubwa, ila ndani ina kiwambo cha mpira kinachosukumwa na maji ndipo umeme uwake, na tanki likikaribia kuisha kwenye mita yako ile moja, inaweza isiwake kabisa. Tuseme ni ya wati 5,500, na maji yako mwezi wa sita yako kama nyuzi 18. Kuyafikisha 38 unapata lita nne kasoro kidogo kwa dakika. Ukitaka mengi zaidi, yatakuja vuguvugu. Jioni umeme ukishuka, joto nalo linashuka, na linashuka haraka kuliko umeme wenyewe: ukibaki na volti 190 kwenye kifaa cha volti 220, nguvu iliyobaki ni robo tatu.

Halafu LUKU. Dakika 10 za shawa hiyo ni karibu uniti 0.9. Nyie ni watano. Kila mtu akioga mara moja kwa siku, mwezi unakula uniti kama 137 za kuoga tu. Kama mko kwenye kundi la bei nafuu la D1, ambalo kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi, mmeshaliaga. Hita yenu ya lita 80 nayo inakula, sikatai, lakini hiyo unaiwasha kwa muda wa saa moja unaizima, huwa haikungoji ukiimba bafuni.

Ukiamua kuiweka hata hivyo, wati 5,500 kwa volti 230 ni ampea 24. Hiyo si ya kuunganishwa kwenye waya wa taa, wala soketi. Iwe na waya wake yenyewe wa milimita nne za mraba au zaidi kutoka kwenye boksi, breka yake, kikata umeme cha uvujaji, na ule waya wa kijani na njano uende ardhini kweli. Niliingia bafu moja, sitaji mtaa, nikagusa koki nikahisi sisimizi vidoleni. Waya wa ardhini ulikuwepo, umeviringwa vizuri kama kamba ya kiatu, umefichwa nyuma ya kifuniko, haukuungwa popote. Familia ilikuwa inaoga na kandambili kwa sababu "shawa inapiga kidogo". Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mimi ni fundi bomba, na hapo huwa nashuka ngazi.

Mume wako na pampu: mpe salamu, hajakosea, ila amewahi. Pampu ndogo ya nyumbani ikifungwa kwenye bomba linalotoka tankini kabla halijagawanyika kwenda hitani na kwenye baridi, inasukuma zote mbili sawa sawa, na hapo hata mikisa ya mpini mmoja ungeweza kuiweka. Ikifungwa kwenye moto peke yake, kesho kondakta anakuwa wa moto na mtoto anakuwa wa baridi. Na isifungwe hata siku moja kuvuta bomba la mamlaka. Unavuta na uchafu wa mtaa mzima, na ni kosa. Kumbuka nyingine zinawashwa na mwendo wa maji: maji yakiwa membamba mno haziamki. Chagua yenye swichi ya kuwasha kwa mkono pia. Lakini rekebisha laini kwanza, pima ndoo tena, mwoge wiki mbili. Nina hisia hela ya pampu mtanunulia magodoro.

Kuinua stendi? Kila mita inakupa ba 0.1, kwa hiyo ukiongeza mita moja umezidisha mara mbili presha yako ya tanki tupu. Ila lita 2,000 ni tani mbili. Asije mtu akaunganisha miguu mipya juu ya ile yenye kutu kwa moto wa kuchomelea na maombi.

SWALI

Fundi, mimi ni mpangaji Dodoma. Maji yetu yana chumvi, birika limejaa ukoko mweupe. Vitundu vya shawa vinaziba kila miezi miwili. Nilinunua hita ya papo kwa papo, ikaungua mwezi wa tano. Nilipoirudisha, muuzaji akasema naoga sana. Ni kweli?

JIBU

Huogi sana. Uliuziwa isiyo ya kwako. Zipo aina mbili: moja ina koili iliyo wazi ndani ya maji, nyingine koili yake imevikwa ganda la chuma, na hii ya pili ndiyo ya maji ya chumvi. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri, kwa hiyo koili wazi si suala la kuungua tu, ni hatari kwako. Dukani usiulize "hii ni nzuri?", uliza "koili yake imevikwa?", na aonyeshe maandishi kwenye boksi.

Kichwa cha shawa kilichoziba usikichokoe kwa sindano, unavipanua vitundu na maji yanaanza kwenda kila upande. Kifungue jioni, kilaze ndani ya bakuli la siki nyeupe iliyochanganywa na maji ya uvuguvugu nusu kwa nusu. Utaona vipovu vidogo vinapanda. Huo ni ukoko unayeyuka. Asubuhi piga mswaki wa zamani, suuza, rudisha. Ukinunua kingine chagua cha vitundu vya mpira, hivyo unavisugua kwa kidole gumba wakati unaoga, ukoko unadondoka wenyewe.

SWALI

Niko Iringa. Nimefunga hita ya jua juu ya bati. Koki ya chini ya jikoni inatoa maji ya moto, lakini shawani hayafiki, hasa jioni. Simtanki liko kwenye stendi kando ya nyumba. Ninunue shawa nyingine?

JIBU

Usinunue. Nenda ukasimame mbali kidogo, pale geti, uangalie nyumba kwa ubavu. Nahisi utaona pipa la hita ya jua liko sawa na simtanki, au juu yake. Hita ya jua haisukumi maji, inangoja kusukumwa na maji ya baridi kutoka tanki lililo juu yake. Asubuhi simtanki likiwa limejaa mambo yanakwenda. Jioni maji yakishuka chini ya kimo cha pipa, hakuna wa kusukuma. Kitako cha simtanki kinatakiwa kiwe juu ya mgongo wa pipa. Ama unainua stendi, ama unaweka tanki dogo la lita 200 juu ya ukuta imara unaopita kimo cha hita, lijazwe na pampu, kazi yake iwe kuilisha hita na shawa tu.

Na kitu kimoja kwa haraka. Kama hita yako ni ile ya mirija ya vioo na ikaishiwa maji mchana, usiifungulie maji saa saba jua likiwa kali. Mirija mikavu inapata moto kupita sufuria ya maandazi, na maji ya baridi yakiingia inapasuka mmoja baada ya mwingine. Ngoja, ijaze kesho yake alfajiri.